Rula ya karatasi ipimwe kabla ya kupima

MAONI – Masisi na Walikale

Chapisha rula kwenye karatasi katika sekretaria moja, halafu nenda kuchapisha rula ileile katika sekretaria ya pili. Ziweke moja juu ya nyingine. Mara nyingi utaona sentimita 20 za hii hazifiki kwenye sentimita 20 za ile. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Ni mashine iliyopunguza ukurasa kidogo ili uenee kwenye karatasi, na hakuna mtu aliyeangalia.

Ndugu wasomaji, nanyi mnaosikiliza maneno haya yakisomwa na jirani, maoni yangu ni haya. Vijana wetu wanaochora vibao, wanaotengeneza afishi, kadi na lebo, wanapaswa kujitengenezea vyombo vyao vya kupimia, wavichapishe hapahapa, bila kungoja vitoke Goma. Lakini chombo cha kupimia kilichochapishwa kisitoke mlangoni kabla hakijapimwa chenyewe. Kwenye afishi, kosa la milimita 3 ni aibu ndogo. Kuna kazi nyingine nitakayoitaja mbele, ambayo milimita 3 ni mtoto anayekosa matibabu.

Kwa nini tujitengenezee

Kila mtu anajua hali ya barabara zetu. Kutoka Goma kupita Sake hadi Masisi-Centre ni mwendo mfupi ukiutazama kwenye ramani, lakini mvua au risasi zinaweza kuufanya mwendo wa siku nyingi. Upande wa Walikale ni mbaya zaidi. Wazee wanakumbuka miaka ambayo ndege ndogo zilikuwa zinatua katikati ya barabara pale Kilambo, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine nzuri ya kuingiza na kutoa mizigo. Mahali kama hapo, kijana anayejifunza kazi ya kuchora atapata wapi vyombo vya wataalamu? Rula ya mwanafunzi, ile watoto wetu wanaita lati, inapatikana sokoni. Kipimo cha ukubwa wa herufi au cha nafasi kati ya mistari hakipatikani.

Hata hivyo, karibu kila senta yenye soko ina mtu mwenye kompyuta, mashine ya kuchapisha na paneli ya jua juu ya bati. Yeye ndiye anayetoa fotokopi za vitambulisho, anayepiga barua za kuomba kazi, anayetengeneza mialiko ya harusi na matangazo ya kilio. Wengi wao ni vijana waliokimbia vijiji vyao na kompyuta mgongoni. Hawa wanaweza kujichapishia vyombo vyote wanavyohitaji. Programu kama Inkscape na LibreOffice ni za bure, na ukishaziweka kwenye mashine zinafanya kazi bila intaneti.

Namna ya kutengeneza rula ya kweli

Fungua programu, chagua milimita kama kipimo chako, chora mstari wa milimita 200 kamili. Weka alama fupi kila milimita 1, alama ya kati kila milimita 5, alama ndefu kila milimita 10. Chora rula moja imelala na nyingine imesimama, kwa sababu mashine inaweza kuwa sawa upande mmoja na kukosea upande wa pili.

Unapochapisha, hapo ndipo penye mtego. Kompyuta zetu nyingi ni za Kifaransa. Kwenye dirisha la kuchapisha utaona neno «Ajuster» na neno «Taille réelle». Ukiacha «Ajuster», mashine itakunja au kupanua kazi yako inavyopenda. Chagua «Taille réelle», maana yake ukubwa halisi, au andika asilimia 100.

Kisha pima. Tumia metre ya chuma ya seremala. Usitumie utepe wa fundi wa nguo, kwa sababu unavutika kadiri unavyozeeka. Kama hakuna metre ya chuma karibu, tafuta kadi ya benki, au ile plastiki nzima ambayo kadi ya simu inatokea ndani yake, si ile ya nusu. Kadi za aina hiyo zina kipimo kimoja dunia nzima: urefu wa milimita 85.6 na upana wa milimita 54. Ukiiweka juu ya rula yako, ukingo wake lazima uanguke katikati ya 85 na 86. Karatasi ya A4 nayo inasaidia kwa haraka, kwa kuwa ina milimita 297 kwa 210, ingawa kiwanda kinaruhusiwa kukosea hadi milimita 2 hivi.

Ukikuta milimita 100 zako zimetoka 98.5, usitupe mashine. Gawanya 100 kwa 98.5, utapata 1.015. Basi chapisha kwa asilimia 101.5, upime tena. Ikikubali, andika namba hiyo kwa kalamu nene, uibandike juu ya mashine. Kila mashine ina tabia yake, na tabia hiyo lazima ijulikane.

Mwisho, rula ya karatasi ikae mahali pakavu. Katika msitu wa Walikale unyevu unaingia kwenye karatasi na kuifanya ivimbe. Ifunike kwa plastiki, au ichapishe kwenye karatasi ya plastiki inayoonyesha upande wa pili.

Usitoe fotokopi ya rula. Fotokopi ikipunguza asilimia 1 tu, utasema si kitu. Lakini mwenzako akitoa fotokopi ya fotokopi yako, na wa tatu akatoa ya kwake, ikifika mara ya tano mstari wa milimita 100 umebaki 95. Rula ichapishwe kutoka kwenye faili kila mara, na kila mara ipimwe.

Herufi nazo zina kipimo

Zile namba 11, 12 au 14 unazochagua kwenye kompyuta zinaitwa pointi. Leo pointi 72 ni puse moja, yaani milimita 25.4, kwa hiyo pointi moja ni milimita 0.35 hivi. Lakini zamani haikuwa hivyo kila mahali. Huko Ufaransa, katika karne ya 18, mchapishaji François-Ambroise Didot aligawanya puse ya mfalme wao mara 72, na puse hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya Waingereza. Pointi yake ikawa karibu milimita 0.376, na wachapishaji wa sehemu kubwa ya Ulaya bara waliitumia muda mrefu. Pointi 12 za leo ni milimita 4.23, na 12 za Didot ni milimita 4.51. Jina moja, vipimo viwili. Ukikuta kitabu cha zamani cha misioni, ukashangaa kwa nini herufi zake hazilingani na za kompyuta yako, sababu moja inaweza kuwa hiyo.

Akina mama wa sokoni hawahitaji kufundishwa jambo hili. Maharagi yanauzwa kwa kopo la Guigoz, na kila mnunuzi mwenye akili anageuza kopo kwanza kuangalia kama kitako hakikupigwa nyundo kikaingia ndani. Jina la kopo ni lilelile, lakini maharagi yamepungua. Tunachodai kwa maharagi tukidai pia kwa karatasi.

Kipimo cha herufi ni rahisi kutengeneza. Kwenye karatasi ya plastiki, andika herufi kubwa H na herufi ndogo x kwa pointi 8, 10, 12, 14, 18, 24, 36 na kuendelea, kila moja na namba yake pembeni. Mteja akileta kadi ya zamani anataka ifanane, weka plastiki juu ya kadi yake, utaona ni herufi ya pointi ngapi. Jua pia kwamba namba ya pointi si urefu wa herufi yenyewe. Katika aina nyingi za herufi, herufi kubwa ya pointi 12 ina urefu wa milimita 3 tu hivi, na herufi ndogo kama x ina karibu milimita 2.

Wakimbizi wa ndani, mnalijua jambo hili kwa macho yenu. Orodha ya majina ya watu watakaopokea msaada inabandikwa ukutani, na herufi zake ni ndogo kama chungu. Mzee aliyeacha miwani yake nyumbani wakati wa kukimbia hawezi kusoma jina lake. Anamuuliza kijana, kijana anasoma haraka, anaruka mstari, mzee anarudi nyumbani akidhani ameachwa. Siku ya pili kelele inaanza kwamba viongozi wa kambi wamefuta majina. Huenda hakuna jina lililofutwa. Huenda ni orodha iliyochapishwa kwa pointi 8 ili karatasi zisiwe nyingi. Kwangu, orodha ya ukutani isishuke chini ya pointi 14, na mistari yake iachane vizuri, hata kama itaongeza karatasi tatu.

Kwa kibao cha njiani, wachoraji wengi wana kanuni moja nyepesi: chukua umbali wa msomaji, gawanya kwa 200. Mtu akisoma akiwa mita 10, herufi iwe na sentimita 5. Akiwa mita 20, iwe na sentimita 10. Kibao kinachoonya kwamba shamba lina bomu ambalo halijalipuka hakipaswi kusomwa na mtu aliyekwisha ingia shambani. Chapisha ngazi ya herufi za sentimita 2, 5 na 10, ibandike ukutani, rudi nyuma ukihesabu hatua, muite mama mzee na mtoto wa shule wasome. Watakuambia ukweli kuliko kompyuta.

Hata jibini yetu ya Masisi inahusika. Mfugaji anayetaka gurudumu lake lijulikane Goma anahitaji lebo. Gurudumu lenye upana wa sentimita 20 lina mzunguko wa karibu sentimita 63, na karatasi ya A3 ina urefu wa sentimita 42 tu. Asiyepima atachapisha lebo mia ambazo hazizunguki, na hasara ni ya mfugaji. Aliyechapisha utepe wake wa kupimia, akauzungusha kwenye jibini yenyewe, ataona mapema kwamba lebo lazima iwe ya vipande viwili.

Milimita 3 za mkono wa mtoto

Sasa nifike kwenye lile nililoahidi.

Wazazi wengi katika kambi na katika familia zilizopokea wageni mnaujua ule utepe wenye rangi tatu ambao reko au muuguzi anauzungusha kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya milimita 115 ni nyekundu: utapiamlo mkali, mtoto aanze matibabu. Kutoka 115 hadi kukaribia 125 ni njano: mtoto yuko kwenye hatari, afuatiliwe. Kuanzia 125 ni kijani. Na kama miguu yote miwili imevimba, ile tunayoita bwaki, mtoto apelekwe kituo cha afya hata kama utepe unasema kijani.

Utepe huu ni chombo cha kupimia, na pia ni kazi ya mchoraji. Mwaka 1974 madaktari Adnan Shakir na David Morley waliandika juu ya utepe wa rangi tatu, ili hata mtu asiyesoma namba aweze kumpima mtoto. Wakati ule mipaka yao ilikuwa sentimita 12.5 na 13.5. Baadaye wahudumu wa vijijini walifundishwa kuutengeneza wenyewe, hata kwa filamu kuukuu za hospitali, zile picha za mifupa tunazoita radio, kwa sababu plastiki yake haivutiki. Mpaka wa milimita 115 kwa utapiamlo mkali ulithibitishwa na shirika la afya duniani, OMS, pamoja na UNICEF mwaka 2009. Siku hizi katika nchi nyingi akina mama wenyewe wanafundishwa kuwapima watoto wao nyumbani, na ni jambo jema.

Lakini tepe zinaisha. Zinapotea wakati wa kukimbia, zinachakaa kwa mvua. Na mtu mwenye moyo mzuri anaweza kusema: «Tutoe fotokopi tu.»

Angalia hesabu. Faili nyingi zinatoka Marekani, ambako karatasi yao ina upana wa milimita 215.9, si 210 kama yetu. Ukichapisha faili hiyo kwenye A4 na kuacha «Ajuster», kila kitu kinashuka hadi asilimia 97. Alama iliyoandikwa 115 sasa iko karibu milimita 112 za kweli. Aje mtoto mwenye mkono wa milimita 113. Kwa utepe wa kweli yuko kwenye nyekundu na anaanza matibabu siku hiyo. Kwa utepe wetu wa fotokopi anasomwa zaidi ya 116, njano, mama anaambiwa arudi baadaye. Hakuna aliyesema uongo. Reko amesoma vizuri, mama ameshika mkono vizuri. Karatasi ndiyo iliyokosea, na atakayeumia ni mtoto.

Kwa hiyo ninasema wazi: utepe wa mkono utumike ule uliotolewa na kituo cha afya. Ukikosekana, muuguzi mkuu ndiye aamue kuchapisha, na kila utepe mmoja mmoja upimwe kwa rula ya chuma kwenye 115 na kwenye 125 kabla haujaguswa na mtoto. Mwenye sekretaria akiletewa kazi hiyo na mtu asiyejulikana, akatae, au amtume kwa muuguzi. Kukataa kazi moja hakutamfunga biashara.

Kwa wanaosema tunapoteza wakati

Najua kuna watakaosema: watu wana njaa, shule zimefungwa, bunduki zinalia, nawe unatuletea habari za rula. Ninawaheshimu wanaosema hivyo. Lakini njaa yenyewe inahesabiwa kwa utepe, msaada unagawanywa kwa orodha, hatari inatangazwa kwa kibao. Vita vimetunyang'anya mambo mengi ambayo hatuna uwezo wa kuyarudisha leo. Mstari wa sentimita 10 ulio wa kweli uko ndani ya uwezo wetu, na hauhitaji ruhusa ya mtu yeyote.

Wengine, wenye sekretaria, watasema mteja ana haraka na mafuta ya jenereta ni ghali. Ni kweli. Kupima karatasi moja kwa rula kunachukua muda mfupi kuliko kumngoja mteja atafute noti ndogo mfukoni.

Nina maombi manne.

Kwenu wachapishaji na wachoraji: kila chombo cha kupimia mnachochapisha kiwe na mstari mmoja pembeni na maneno haya: «Mstari huu lazima uwe sentimita 10. Kama sivyo, usitumie.» Hapo mteja wa Nyabiondo au wa Mubi anaweza kuhakikisha mwenyewe, hata kama ninyi hamko.

Kwenu walimu: somo la vipimo lifanyike kwa rula ambazo watoto wamezichora na kuzisahihisha wenyewe. Hata mtoto anayesoma chini ya hema anaweza kulinganisha rula mbili na kusema ipi inadanganya. Huyo atakuwa fundi kesho.

Kwenu mashirika na kamati za kambi: mnapotuma orodha au afishi ichapishwe, semeni herufi ziwe za pointi ngapi na zisomwe kutoka umbali gani. Msiseme tu «kubwa kidogo».

Na kwenu wazazi: mtoto akipimwa, mnayo haki ya kuuliza, kwa heshima, utepe huu umetoka wapi. Muuguzi mwema hatakasirika. Na kama macho yenu yanaona mtoto anakonda wakati utepe unasema ni mzima, msirudi nyumbani kimya. Ombeni apimwe tena, kwa utepe mwingine.